Granada Kwenye Pindo la Shati

Wiki iliyopita nilipiga pasi nguo za Baba. Kwetu nguo za marehemu hazikai kabatini. Hupewa wanaozihitaji, na Mama alisema hawezi kumpa mtu nguo yenye makunyanzi. Nilianza na mashati ya kazini. Nilinyunyiza maji kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaweka pasi. Mvuke uliponipanda puani nikawa na umri wa miaka minane, niko Berea, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya nne, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikingoja Waislamu wavuke bahari.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Johannesburg alikuwa mlinzi wa duka la samani katikati ya mji. Sare yake ilikuwa shati la kahawia la mikono mirefu, na kila Ijumaa alasiri aliitandika mezani juu ya blanketi la kijivu, kifua chini, mgongo juu. Nasema Ijumaa kwa sababu naikumbuka pamoja na harufu ya pilau, ingawa huenda ni kumbukumbu mbili zilizoungana. Alikuwa akisema, "Haya, hii ndiyo Andalusi," na mimi nilivuta ndoo karibu.

Andalusi ni Uhispania ya enzi za Waislamu, na pindo la chini lilikuwa bahari yake. Hapo ndipo majeshi yalipovuka kutoka Maghribi, kaskazini mwa Afrika, kwenye mlango mwembamba wa bahari ambao mtu akisimama upande mmoja siku isiyo na ukungu anauona upande wa pili. Pasi ilipanda taratibu kutoka kusini kwenda kaskazini, na nyuma yake nchi ilinyooka. Seville ilikuwa upande wa kushoto. Kordoba ilikuwa pale ambapo uti wa mgongo wa Baba ungegusa kitambaa. Toledo ilikuwa katikati ya mabega. Juu kabisa ilikuwa kola, ngumu, yenye mishono miwili, na pasi ilifika chini yake ikageuka.

"Mbona huku hufiki?"

"Hawakufika. Milima na baridi. Wakasema, nani anahangaika na mawe yale? Wakawaachia wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wafalme wadogo wa Kikristo. Wakakaa huko kwenye kola wakisubiri."

Nimelinganisha shati lile na ramani mara nyingi tangu nilipokuwa mtu mzima. Alikuwa anaiweka Seville juu kidogo kuliko inavyostahili, na mashariki yote aliibana. Zaidi ya hapo hakukosea sana. Alikuwa ameipata historia hiyo kwa mdomo, kutoka kwa mwalimu wake wa chuo, naye alinipa mimi kwa mdomo, kila wiki kipande, kwa muda ambao sare moja hunyooka.

Kordoba ilichukua wiki nyingi. Kulikuwa na mabafu ya watu wote, maktaba ya khalifa, mabomba ya maji, na taa barabarani usiku. Vitabu nilivyosoma baadaye vinapunguza baadhi ya hayo, hasa idadi ya vitabu katika maktaba ile, lakini wakati huo sikuwa na cha kupunguzia. Barabara yetu ya Berea haikuwa na taa hata moja inayowaka.

"Walikuwa na taa barabarani?" niliuliza.

"Barabara nzima."

Mama, aliyekuwa jikoni nyuma ya pazia, alisema kwa sauti, "Hebu muulize huyo khalifa wako kama lifti yake ilikuwa inafanya kazi."

Baba hakunificha kwamba Wakristo na Wayahudi waliishi humo kwa kulipa kodi ya peke yao, wala kwamba Waislamu wenyewe walichinjana. Ukhalifa ulipovunjika alikamata kitambaa kwa vidole akakifinya hapa na pale mpaka shati likajaa vilima. "Kila mkunjo na sultani wake," alisema. "Wanagombana kama wapangaji wa jengo hili. Huyu anamwita mfalme wa Kikristo amsaidie dhidi ya jirani yake, kesho jirani naye anamwita." Baada ya hapo wale wa kwenye kola wakaanza kushuka. Toledo ikaenda. Kordoba ikaenda. Nakumbuka nilishika mkono wake pasi ilipokaribia Seville, naye akausogeza mkono wangu pembeni, kwa upole, nisiungue.

Ikabaki Granada. Granada ilikuwa chini kulia, kwenye ile sehemu ya shati inayochomekwa ndani ya suruali. Ilikaa humo peke yake zaidi ya miaka mia mbili, ikilipa ili iachwe.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Baba, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Jumamosi alifundisha Kurani watoto wa jengo letu. Alikuwa na sharti alilolirithi kwa mwalimu wake: darsa halikatizwi kwenye aya ya adhabu. Somo la siku likiishia kwenye moto au maangamizi, tuliendelea mbele, aya tatu, aya kumi, mpaka tufike kwenye rehema, ndipo tufunge misahafu. Tulikuwa tunahesabu mistari kwa macho tukiomba rehema iwe karibu, kwa sababu nje wenzetu walikuwa wanacheza mpira.

"Mwalimu, si tumeshamaliza?"

"Bado. Hapa hatukatizi."

Alilifanya hilo kwa kila kitu. Akipiga simu Tanga kutoka kwenye kontena la simu za kulipia na kuambiwa kwamba shangazi amelazwa, hakukata. Aliuliza habari za mahindi, za mbuzi, za mtoto wa jirani, mpaka mtu upande wa pili aseme jambo zuri, hata dogo. Ndipo akaaga.

Basi habari ya Granada alinisimulia hivi. Mji umezingirwa. Majira ya baridi yameingia, chakula kimekwisha, watu wamekula farasi. Sultani kijana anaona hakuna msaada utakaovuka bahari. Anafanya mapatano na mfalme na malkia wa Kikristo, na masharti ni mazuri kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Kila mtu atabaki katika nyumba yake na mali yake. Misikiti itabaki misikiti. Watahukumiwa na makadhi wao. Hakuna atakayelazimishwa kubadili dini. Na atakayetaka kuondoka kwenda Maghribi atapewa merikebu, bila malipo. Sultani anatoka na farasi wake, anakabidhi funguo za mji.

"Tuishie hapa," Baba alisema, akachomoa pasi.

Nilikubali bila kinyongo. Kwa hesabu zangu mwisho ule ulikuwa mwema. Sultani alipoteza kasri, lakini kasri halikuwa letu. Watu wa kawaida walibaki majumbani mwao. Na nilijifunza jambo nililoliona ni kanuni: ahadi huwa ya kweli pale unapotoa ufunguo. Ufunguo ndio muhuri wake.

Sijui ilipita miezi mingapi. Jengo letu likapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akamtuma meneja, bwana mwenye koti la ngozi na sauti ya chini, ya adabu. Tuliitwa wote tushuke kwenye ukumbi wa chini, mbele ya lifti iliyokufa. Alizungumza Kiingereza. Wengi wetu walikuwa Wakongo, Watanzania na Warundi, kwa hiyo watu walimsukuma Baba mbele awe mkalimani. Nilisimama karibu naye nikishika mfuko wa suruali yake.

Meneja alisema sentensi, Baba akaisema kwa Kiswahili. Jengo litatengenezwa, mabomba, umeme, lifti. Wapangaji watatoka kwa miezi mitatu. Kila mtu atarudi katika chumba chake kilekile kwa kodi ileile. Vitu vizito vitawekwa chini, kwenye ghala la jengo, vikilindwa. Hakuna atakayeguswa.

Kutoka nyuma Mama Neema alipiga makofi mara moja, makofi ya kejeli. Alikuwa msusi Mkongo kutoka Uvira, mlango wake ulitazamana na wetu, na nusu ya vichwa vya jengo lile vilikuwa vimepita katikati ya magoti yake.

"Mwalimu, muulize swali yangu moja tu. Bale ba jengo ya kando, banaambiwa vilevile, beko wapi? Nani alisharudi?"

Baba aliuliza. Meneja alitabasamu akasema lile lilikuwa jengo la watu wengine.

"Eh! Batu bengine!" alisema Mama Neema. "Na koti ya ngozi ni ya batu bengine? Miye natoka hapa na kitanda yangu ku kichwa."

Watu walicheka. Meneja alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema sentensi ya mwisho. Baba alikaa kimya muda mrefu kidogo kuliko kawaida kabla ya kuitafsiri.

"Anasema, atakayetaka kuondoka mapema atapewa lori. Bila malipo."

Merikebu! Ilikuwa ni Granada, sharti kwa sharti. Nilimtazama Baba nione kama na yeye ameliona, na alikuwa amekwisha kunitazama. Aliweka mkono kichwani pangu. Nililisoma hilo kama nilivyosoma kila kitu wakati ule: Baba anajua jinsi hadithi hii inavyokwisha, kwa hiyo tuko salama.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na cha kuchagua. Kila mtu mzima aliyekuwa ukumbini aliyajua yaliyowapata waliokataa katika barabara ya chini: watu wenye mitarimbo alfajiri, magodoro yakitoka madirishani. Mama alikuwa mjamzito. Hayo niliyaunganisha baadaye. Siku ile niliona tu Baba akienda kwa meneja, akitoa ufunguo kwenye pete ya funguo zake, akiukabidhi kwa mkono wa kulia. Nilijivunia. Nilijiambia, anafanya kama sultani.

Tuliacha friji, kitanda na kabati ghalani. Mama alitaka kushusha mapazia yake, ya maua ya manjano. Baba akamwambia ayaache, chumba kionekane kina wenyewe. Akayaacha. Mama Neema alishusha kitanda chake kwenye ngazi, ghorofa nne, akisaidiwa na wateja wake wawili, akakisukuma kwa toroli mpaka kwa dada yake, na njia nzima watu walimwuliza kwa utani kama anauza.

Lori lilitupeleka Turffontein, kusini mwa mji, kwenye chumba cha uani kwa mjane wa Kireno. Ukutani mwake, kando ya mlango, kulikuwa na vigae vyeupe vyenye maua ya buluu, na juu ya vigae msalaba. Nilimwogopa sana. Nilijua Wareno wametoka kwenye shati lile, upande wa kushoto, na nilisubiri siku atakayotutaka tubadili dini. Alichotutaka ni tusianike nguo kwenye ua Jumapili. Siku moja alinipa kipande cha keki nikakificha chini ya godoro mpaka nilipomwuliza Baba kama ni mtego.

"Kula, mwanangu," Baba alisema. "Huyo naye aliacha nyumba yake Msumbiji na masufuria mekoni. Hana jeshi."

Tulipokuwa tukienda mjini nililazimisha tupite Berea, nitazame juu. Mapazia ya manjano yalikuwa pale. Kisha palikuwa na majukwaa ya mafundi mbele yake. Kisha miezi ilitimia, Baba akavaa shati jeupe, akanishika mkono, tukaenda kuchukua ufunguo wetu.

Mlango wa jengo ulikuwa mpya, wa vyuma vinavyozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja. Kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki alikuwa kijana, na shati lake lilikuwa la kahawia kama la Baba, limepigwa pasi vizuri. Waliamkiana kama watu wa kazi moja. Baba alitaja namba ya chumba.

"Pale kuna watu, madala," alisema mlinzi, akimwita mzee kwa lugha ya mji ule.

"Watu gani?"

"Wapangaji. Wote hapa wapya."

"Na vitu vya ghalani?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Eish, madala. Mimi nimekuta ghala tupu. Nimewekwa hapa tu, wiki ya pili hii. Meneja haji. Nikikuingiza, kazi yangu imekwisha."

"Najua," Baba alisema. "Naijua kazi yako."

Nilingoja aendelee. Baba alikuwa mtu wa kueleza. Ningeweza kumwona akieleza mpaka mawe yaelewe. Badala yake alimshukuru yule kijana, kwa kweli alimshukuru, tukageuka. Ng'ambo ya barabara nilitazama juu. Dirisha letu lilikuwa na pazia jeupe la vipande vya plastiki, kama la ofisini.

"Lakini tulitoa ufunguo," nikasema.

Tulianza kutembea kushuka mjini. Tulipita maduka ya jumla yakifunga milango, tukapita jengo la zamani ambalo ghorofa ya pili ni kanisa na watu walikuwa wanaimba, tukafika kituo cha teksi za kusini, vile vibasi vya kwenda kwetu. Foleni ilikuwa fupi.

"Baba, teksi zetu zile."

"Bado."

Tukaendelea. Tulivuka reli, tukapita chini ya barabara ya juu, kwenye roboti, taa za kuongozea magari, moja baada ya nyingine, na kila nilipouliza alisema bado. Miguu iliniuma. Alikuwa anatazama huku na huku, maduka, watu, mbingu, kama mtu aliyeangusha kitu njiani. Sikujua anatafuta nini. Mama mmoja alikuwa anakusanya matunda yake kwenye kreti kando ya njia. Aliniona ninavyojikokota, akanirushia nachi moja, chenza la huko, akasema kitu kwa Kizulu, akacheka.

Baba alisimama. Aliimenya, akanipa kipande, akanitazama kama daktari anayengoja.

"Tamu?"

Ilikuwa chachu, machozi yakanitoka.

"Tamu," nikasema.

Akapumua. "Haya. Basi tuishie hapa."

Tulichukua teksi iliyofuata. Nilisinzia kabla ya kufika. Nilikuwa na miaka tisa nadhani, na niliamini bado kwamba kulikuwa na kosa mahali fulani, kwamba meneja hakuijua hadithi ya Granada, na kwamba angesimuliwa angeona haya.

Nilipokuwa kidato cha pili niliingia maktaba ya mtaa, upande wa Rosettenville, kutafuta kitu kingine, nikaona kitabu kinene cha historia ya Uhispania. Nilifungua kwenye faharasa, kwa herufi G. Sikuwa nimezoea kusoma kitabu nisichoamriwa. Hicho ndicho cha kwanza, na kwa namna fulani sijaacha tangu hapo. Nilikuta masharti yote kama Baba alivyoyataja, na merikebu. Kisha ukurasa haukuishia hapo. Miaka haikufika hata kumi. Vitabu vya Kiarabu vilichomwa uwanjani. Watu wakaambiwa wachague kati ya ubatizo na kuondoka. Wajukuu wa waliobatizwa walikatazwa lugha yao, nguo zao, hata kuoga kwa namna yao, na vitukuu wakafukuzwa nchi nzima, waliobatizwa na wote, na wengine walipakizwa melini watoto wao wadogo wakibakizwa nyuma. Nilisoma nimesimama. Nilipofika mwisho wa sura nilirudi mwanzo nikidhani nimeruka kitu.

Nilichoona kwanza hakikuwa Granada. Niliona ukumbi wa chini pale Berea, na Baba amekaa kimya kabla ya kutafsiri neno lori.

Jioni ile alikuwa uani, kwenye chumba kilekile cha Turffontein ambacho kilikuwa kiwe cha miezi mitatu. Alikuwa amekwisha kuweka blanketi mezani. Mdogo wangu alikuwa amekalia ndoo.

"Baba, ulijua? Yaliyofuata Granada?"

Hakujifanya hakunielewa. "Mwalimu wangu alinisomesha yote."

"Sasa kwa nini uliishia pale kwenye masharti?"

Alinyunyiza maji mgongoni mwa shati, akangoja yazame.

"Nilitafuta mbele zaidi pa kuishia," alisema. "Nilitafuta sana. Sikupaona."

Kisha akamgeukia mdogo wangu akamwambia hii ndiyo Andalusi.

Nimeisoma historia hiyo kwa miaka mingi sasa, bila mwalimu, kitabu kwa kitabu, na nimetafuta nami. Kuna mafundi waliobaki na ufundi wao, kuna mifereji inayomwagilia mashamba mpaka leo, kuna maneno. Kila nilichokipata nilimpelekea Baba, na kila mara alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kwa haki, akatikisa kichwa. Hata hospitalini, alipokuwa haongei tena, nilimwambia habari ya mifereji, akanikazia macho muda mrefu. Sikujua ni ndiyo au bado. Kengele ya wageni ikalia wakatutoa.

Shati la mwisho nililipiga pasi kuanzia kwenye kola, kushuka. Nilinyoosha Toledo, Kordoba, Seville. Nilipofika chini kulia, penye Granada, niliishika pasi juu ya kitambaa bila kukigusa mpaka mkono ukachoka, kisha nikaichomoa ukutani. Nililikunja hivyo hivyo, pindo likiwa na makunyanzi yake. Atakayepewa atalichomeka ndani ya suruali, wala hataona.